Stenti iliyofaulu maabara na damu itakayoipokea

Mgonjwa wa moyo aliyewekewa Dar es Salaam stenti, yaani kijimrija cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa wa moyo usizibe tena, akishuka stendi ya Mtwara baada ya safari ya zaidi ya kilomita 500, huwa na vitu viwili ambavyo daktari wa kliniki atavitaka: vidonge vya kuzuia damu isigande, na kadi ndogo yenye jina la kifaa, kipenyo na urefu wake kwa milimita, namba ya toleo na tarehe kilipowekwa. Ni nadra kadi hiyo kueleza lolote kuhusu kile hasa ambacho damu inakigusa saa zote, yaani utando uliopakwa juu ya chuma. Katika stenti za kwanza zilizobeba dawa, utando huo wa polima, aina ya plastiki, ulikuwa na unene wa mikromita 13 hadi 16 hivi, takriban robo ya unene wa unywele, na bado ndio uliobeba lawama nyingi mambo yalipoharibika.

Swali linalogawa watu ni rahisi kulitaja na gumu kulijibu. Je, utando uliofaulu vipimo vya upatanifu na mwili huko ulikotengenezwa uhesabiwe kuwa umefaulu pia kwa mgonjwa wa Newala au Nachingwea huku kusini mwa Tanzania, au tudai upimwe upya kwa damu ya watu wetu?

Ili kuona uzito wa kila upande, inafaa kukumbuka kinachotokea damu inapokutana na kitu kigeni. Ndani ya sekunde chache, kabla seli hazijapata nafasi ya kushika, protini hujipanga juu ya kitu hicho. Albumini kwa kawaida hutangulia kwa kuwa ndiyo nyingi, kisha fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, na nyinginezo huisukuma pembeni. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda, zikifika hukuta tayari pametandikwa zulia la protini, na mkao wa fibrinojeni juu ya zulia hilo huamua kama zitapita au zitashikamana na kuanza kujenga bonge. Mafundi wa majahazi wa Mikindani, pwani ya Mtwara, wanalijua jambo la namna hii bila hadubini. Chombo kikivutwa ufukoni maji yakitoka, hukwanguliwa chini kisha hupakwa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili viumbe wa baharini wasigande na wengine wasitoboe mbao. Huko pia ute hutangulia, viumbe wenye magamba magumu hufuata. Na fundi haisifu deheni ingali ndani ya ndoo. Huikagua chombo kinaporudi ufukoni baada ya miezi kadhaa ya kukaa majini.

Vipimo vya maabara, hata hivyo, si vya kubeza. Mfululizo wa viwango vya kimataifa vya ISO 10993, vinavyohusu upimaji wa vifaa tiba, una sehemu nzima, ya nne, inayohusu vifaa vinavyokutana na damu. Kipande kilichopakwa hulowekwa katika kimiminika chenye nyuzijoto 37, aghalabu kwa saa 24 au zaidi, kisha kimiminika hicho huwekewa seli zinazokuzwa maabara. Uhai wa seli ukishuka kwa zaidi ya asilimia 30, kifaa huhesabiwa kuwa na dalili ya sumu. Kipimo kingine hutafuta seli nyekundu zilizopasuka. Mrija wenye damu iliyozimuliwa huzungushwa kwa mashine mpaka seli nzima zizame chini, na majimaji yanayobaki juu yakiwa maangavu mpimaji hupumua, yakiwa mekundu anajua himoglobini imevuja. Kwa kigezo kinachotumika sana, upasukaji wa chini ya asilimia 2 hauna tatizo, na wa zaidi ya asilimia 5 ni kasoro kubwa. Baada ya hapo damu hupitishwa ndani ya mirija inayoiga mwendo wa mshipa, na mwisho huja nguruwe, ambao mishipa yao ya moyo huchunguzwa mara nyingi siku ya 28 na kwa baadhi yao miezi kadhaa baadaye. Mpimaji makini huikagua stenti ikiwa imekwisha kubanwa juu ya puto linaloitanua ndani ya mshipa na kutanuliwa, kwa sababu utando uliokuwa laini kabla ya kutanuliwa unaweza kuonekana chini ya hadubini ya elektroni ukiwa na nyufa kwenye mikunjo ya chuma.

Wanaosema vipimo hivyo visirudiwe wana hoja yenye nguvu kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Protini za damu hufanya kazi kwa kanuni zilezile Zurich na Masasi. Viwango vyenyewe vinaelekeza kwamba taarifa zilizopo zitumike kwanza, na kwamba mnyama asitumike pasipo sababu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ikitaka kila aina ya utando ipimwe tena hapa nchini, zitahitajika maabara za gharama kubwa kwa vifaa vinavyoingia kwa idadi ndogo, na anayengoja majibu hayo ni mtu ambaye mshipa wake umeziba leo.

Udhaifu wa hoja hiyo unaonekana kwenye dhahabu. Kulikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba stenti ya chuma cha pua ikipakwa dhahabu itapokewa vyema na mwili: dhahabu haipati kutu, huonekana vizuri kwenye eksirei, na matokeo ya awali ya maabara yaliipa matumaini kwamba haichochei sana damu kuganda. Wajerumani wakaijaribu kwa wagonjwa 731, nusu wakipata stenti za dhahabu na nusu zisizopakwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Mishipa iliyowekewa dhahabu ilisinyaa tena kwa asilimia 49.7 ya wagonjwa waliochunguzwa, dhidi ya asilimia 38.1 kwa chuma kitupu. Utando uliotarajiwa kuwa mpole zaidi ukawa mchokozi zaidi.

Miaka michache baadaye jambo lilijirudia kwa sura nyingine. Stenti zilizobeba sirolimusi, dawa ya kuzuia mshipa usisinyae tena, ziliidhinishwa Ulaya mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003, zikiwa zimefanya vizuri kwa nguruwe na kwa wagonjwa wa mwanzo. Ilipofika mwaka 2006, mkutano wa madaktari wa moyo uliofanyika Barcelona ulitikiswa na taarifa za mabonge yaliyotokea zaidi ya mwaka mmoja baada ya stenti kuwekwa. Dawa ilikuwa imekwisha kutoka. Polima ilikuwa imebaki, na kwa baadhi ya wagonjwa ukuta wa mshipa haukupona juu yake. Nguruwe wa majaribio kwa kawaida ni mchanga, mishipa yake haina mafuta yaliyogandamana, na hupona haraka kuliko mzee wa miaka 60 mwenye kisukari. Siku 28 zake haziwezi kusema habari za mwezi wa kumi na nne wa binadamu.

Isije ikafikiriwa kwamba polima ndiyo adui. Stenti za kizazi kilichofuata, zilizopakwa polima yenye florini ambayo ni ndugu ya tefloni, zilionyesha mabonge machache kuliko zile za mwanzo, na katika baadhi ya majaribio mabonge yalikuwa machache hata kuliko kwa chuma kitupu.

Upande wa pili, unaodai vipimo kwa damu yetu, hunivutia kwa sababu moja. Damu ya maabara huchukuliwa kwa watu wenye afya ambao hawajameza aspirini, au kwa sungura, na huwekewa heparini isigande. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na seli nyekundu za mwenye ugonjwa huo hupasuka kwa urahisi na kunata kwenye kuta za mishipa hata pasipo kifaa chochote. Mrija wa bandia anaowekewa mgonjwa wa figo kwa ajili ya kusafishwa damu, ukiwa ndani ya mtu wa namna hii, unakutana na damu ambayo mpimaji wa mwanzo huenda hakuwahi kuishika. Kipimo cha maabara kwa damu yenye selimundu, kikifanywa mara moja na chuo kikuu kwa kila jamii ya utando, kingefaa kwa gharama inayovumilika. Kudai zaidi ya hapo, kwamba kila bidhaa irudiwe kila kipimo, ni kununua upya jibu la saa 24, ilhali dhahabu na polima zilitupa hasara katika jibu la miezi na miaka.

Ndiyo maana naona pande zote mbili zinagombania mlango ambao hatari haikupitia. Baada ya taarifa za mwaka 2006 wagonjwa wa stenti zenye dawa walishauriwa kutumia vidonge viwili, aspirini na klopidogreli, kwa angalau miezi 12, kwa kuwa kuviacha mapema kulionekana kuwa miongoni mwa vichocheo vikubwa vya bonge. Utando huo, kwa maneno mengine, hupatana na mwili kwa sharti la dawa isiyokatika. Sharti hilo huku kusini lina sura yake: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, na aliyetegemea boksi la dawa kutoka Dar lije na basi alibaki kuhesabu vidonge vilivyosalia. Hakuna maabara iliyoweka hali hiyo ndani ya mrija.

Kipimo kinachoweza kufanyika hapa bila hadubini ya elektroni ni daftari. Kliniki ya hospitali ya Ligula, Mtwara, au ya Sokoine, Lindi, ikinakili namba ya toleo ya kila stenti, tarehe mgonjwa alipoacha kidonge cha pili na sababu ya kuacha, kisha ikayaoanisha hayo na waliorudi na maumivu ya kifua, baada ya miaka mitano tutakuwa na habari ambayo cheti cha kiwandani hakiwezi kutupa. Kadi ya mwisho niliyoonyeshwa ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya pochi ya simu. Wino ulikuwa umelowa jasho, namba ya toleo imefutika, na kilichosomeka ni kipenyo tu: milimita 3.