Melini hakuna duka la Mangi

Baba mtoto alisimama mlangoni, akayatazama masanduku matatu yaliyofura juu ya kitanda, akauliza, "Kwani tunaenda Cozumel au tunahamia?" Nikamwambia aniache nimalize kazi yangu. Ilikuwa Jumapili usiku, Houston. Kesho yake tulitakiwa bandarini Galveston, mwendo wa kama saa moja kwa gari, tukapande meli ya utalii: Jumatatu kuondoka, Jumamosi kurudi, katikati Cozumel na Progreso kule Mexico. Mtoto wetu alikuwa na miezi 14, anatembea kama mlevi na anaokota kila kilicho sakafuni.

Kosa nililifanya usiku ule, na nimeona wenzangu wengi wa huku ughaibuni wanalirudia. Sisi safari tuliyoizoea ni ya kwenda nyumbani Tanzania. Kila mtu na mabegi yake mawili ya kilo 23, zawadi za huku na kule, nguo ya mtoto ya kusalimia wakwe, nguo ya harusi ya binamu, nguo ya kupigia picha na bibi. Pampasi? Unabeba za njiani tu. Ukishafika, duka la Mangi, yule muuza duka wa mtaani, liko hatua ishirini kutoka mlangoni na pampasi anakuuzia hata moja moja. Basi mkono ukishazoea, unapanga hivyo hivyo hata unapokwenda mahali ambapo Mangi hayupo. Mimi niliweka magauni tisa ya mtoto na pampasi 24.

Nionavyo mimi, vitu vya mtoto ni vya aina mbili: vinavyoisha na vinavyokaa. Vinavyoisha ni pampasi, tishu za maji, maziwa, chakula chake, dawa. Vinavyokaa ni nguo, viatu, midoli, kigari, na vile vikorokoro vyote ambavyo mtandao unakuapia kwamba huwezi kulea bila navyo. Kwa meli, vinavyoisha beba mpaka uone aibu. Vinavyokaa punguza, halafu punguza tena. Wengi tunafanya kinyume chake.

Hesabu ya pampasi wala haihitaji shule. Wangu alikuwa anatumia sita kwa siku, na safari ya usiku tano ina siku sita ukihesabu ya kupanda na ya kushuka. Hizo ni 36. Ongeza kumi za tumbo la kuendesha, inakuwa 46. Mimi na 24 zangu nilikuwa najiambia meli kubwa vile, ghorofa kumi na kitu, haiwezi kukosa duka. Duka lipo kweli. Linauza manukato, saa za mkononi, cheni na chupa za pombe. Tumbo la mtoto lilipochafuka Jumanne, katikati ya Ghuba ya Mexico, nilishuka pale nikapewa kipakiti kimoja kidogo, saizi ya mtoto mchanga, kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu mama yangu husoma ninayoandika. Jumatano tukashuka Cozumel. Wenzetu walielekea ufukweni, sisi tukaenda kutafuta duka la dawa. Kihispania sijui, nikamgeuza mtoto, nikampigapiga matakoni. Dada wa dukani akacheka, akatuletea pakiti mbili.

Sasa chakula, na hapa nina uchungu kidogo. Nilikuwa nimesaga unga wa lishe mwenyewe. Ulezi niliununua kwenye maduka ya Wahindi kule mtaa wa Hillcroft, Houston, nikachanganya mchele, mahindi na soya, nikakaanga taratibu, nikasaga, nikachekecha mara mbili, nikautia kwenye kopo la mayonezi lililooshwa vizuri. Pale bandarini mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Afisa akalitoa kopo, akalifungua, akautazama unga wa rangi ya majivu usio na karatasi wala jina.

"Hiki nini?"

"Chakula cha mtoto."

"Kimetoka kiwandani?"

"Nimetengeneza mwenyewe."

Likaenda pipani mbele ya macho yangu. Na kusema kweli hakunionea. Meli hizi haziruhusu chakula kilichopikwa au kutayarishwa nyumbani. Cha mtoto kinakubalika kikiwa cha kiwandani na hakijafunguliwa. Ingekuwa imeandikwa mahali ningepasoma, nisingekesha nikichekecha. Kwa hiyo beba nafaka za watoto za dukani, pakiti zikiwa na muhuri wake, na maziwa ya kopo ya siku zote pamoja na siku moja ya ziada, maana meli ikichelewa kwa ukungu au kimbunga mtoto haelewi. Birika la umeme usihangaike nalo, litazuiwa, na pasi pia, na hata ile waya ya soketi nyingi yenye kinga ya umeme. Chupa ya maziwa unaipasha kwa kikombe cha maji ya moto kutoka kwenye ukumbi wa chakula: unaichovya dakika chache, unajaribia kwenye kiganja. Bibi zetu walipasha hivyo hivyo.

Jambo la pili ambalo lilinifundisha adabu ni begi la mkononi. Ukifika bandarini, wapagazi wanayachukua masanduku makubwa yenye lebo ya namba ya chumba chako, wewe unapanda mikono mitupu ukitabasamu. Sanduku litakukuta mlangoni, lakini lini? Letu lilifika jioni, baada ya chakula. Sisi tulipanda saa saba mchana, na saa nane mtoto akajimwagia juisi ya embe kuanzia kidevuni hadi soksi. Nguo zake zote ziko tumboni mwa meli! Nikamvisha fulana ya baba yake, ikamfika vidoleni kama kanzu. Akatembea nayo ghorofa nzima, wazee wa Texas wakampigia makofi.

Tangu hapo begi la mgongoni nalipanga kwanza, kabla sijagusa sanduku lolote. Linakaa pampasi nane, nguo mbili kamili za mtoto na blauzi moja yangu (anayetapika hajitapikii peke yake), maziwa ya mara tatu, dawa zote, na makaratasi yote. Dawa nazo ziwe za kweli: dawa ya maji ya kushusha homa, yenye kipimo cha uzito wa mtoto, kipimajoto, na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zahanati ya melini ipo ila inalipisha, na bili yake huipendi. Dawa za kichefuchefu cha bahari tunazomeza watu wazima nyingi hazifai mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa hiyo muulize daktari wake kabla, usimgawie nusu kidonge kwa kukisia.

Makaratasi nayataja haraka, ila si kwa sababu ni madogo. Kampuni nyingi hazimpandishi mtoto chini ya miezi 6, na kwa safari ndefu za kuvuka bahari wanataka awe ametimiza miezi 12. Mtoto aliyezaliwa Marekani, meli ikiondoka na kurudi bandari ile ile, anaweza kupita kwa cheti cha kuzaliwa. Mimi lakini namchukulia pasipoti, kwa sababu mkibaki Cozumel kwa ugonjwa mtarudi kwa ndege, na ndege haitaki cheti. Mzazi mwenye kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu Marekani, abebe kadi yenyewe na pasipoti ya kwao. Mexico hawamdai viza. Na ndugu zangu ambao faili zao bado ziko mezani kwa uhamiaji, muulizeni wakili kabla ya kulipa hata senti. Ile meli yenye muziki na mabembea ya maji inatoka nje ya nchi kama ndege tu.

Vinavyokaa, basi. Kitanda cha mtoto cha kukunja meli inacho, unaomba mapema. Kigari beba kile chembamba kinachokunjika kama mwavuli, kwa kuwa milango ya vyumba ni myembamba na kwenye korido hawaruhusu kukiacha. Sisi chetu kilishinda kimekunjwa nyuma ya mlango, mtoto akiwa mgongoni kwa mbeleko. Viatu jozi moja na kandambili. Midoli miwili, na vikombe vya plastiki vya melini ndivyo alivyovipenda kuliko yote.

Pampasi za kuogelea nilibeba boksi zima. Ndizo pekee zilizorudi nyumbani zote. Kanuni za afya za Marekani kwa meli hizi haziruhusu mtoto ambaye hajaacha pampasi kuingia kwenye bwawa, hata avae za kuogelea, isipokuwa sehemu maalumu ya kuchezea maji, na si kila meli inayo. Kilichotuokoa ni beseni la plastiki la kujaza upepo ambalo nilikuwa karibu kuliacha. Bafu la chumbani ni la kusimama, hakuna pa kumkalisha mtoto, basi unaliweka beseni chini ya bomba la mvua, unamtia humo na vikombe vyake, na huo ndio ufukwe wake.

Na kanga. Beba doti mbili. Chumba chetu kilikuwa cha ndani, hakina dirisha, giza lake ni giza la chungu. Mtoto akilala saa mbili usiku na nyinyi mmelala, la sivyo mkae chooni na simu kama wezi. Kuta za vyumba vya meli ni za chuma. Nilikuwa na sumaku nne za friji, nikaitundika kanga katikati ya chumba kama pazia, yeye upande wake na sisi wetu na taa ndogo. Baba yake alikuwa ameniuliza Jumapili ile sumaku za friji zinaenda kufanya nini baharini. Hakuuliza tena.

Usiku wa mwisho usilale kabla ya kufikiri. Masanduku yanawekwa nje ya mlango usiku, wafanyakazi wanayabeba mkiwa usingizini, na mnaonana nayo asubuhi ndani ya jengo la bandari. Kwa hiyo lile begi la mgongoni linapangwa upya kama siku ya kwanza: pampasi, maziwa, nguo za kushukia. Za mtoto nilikumbuka. Baba yake alitia viatu vyake vyote sandukuni, akashuka Galveston na suruali ya kitambaa na kandambili.

Magauni saba kati ya tisa hayakuvaliwa.

Kuna kitu kimoja sijakitaja, na sijui nikiweke kundi gani. Mama alipiga simu kutoka Tanga usiku ule napanga. "Umeshaweka mvuje? Bahari ina wenyewe." Nikasema, "Mama, chumba chenyewe kidogo." Akanyamaza ule unyamavu wake. Basi nikafunga kitambaani kipande cha mvuje, ile dawa ya harufu kali ya kumkinga mtoto na mashetani, nikauweka mfuko wa nje wa begi la mtoto, na kufikia Jumatano mume wangu alikuwa ananusanusa kila kona akiuliza nini kimeoza.

Tuliporudi, swali la kwanza la Mama lilikuwa hilo. "Mvuje ulisaidia?"

"Ulisaidia sana, Mama. Kwenye lifti hakuna aliyetusogelea."