Anzeni mdomoni

Nina mfuko wa sabuni ya maji hapa mezani. Umesimama vizuri, tumbo limejaa, picha ya povu inang'aa. Kona ya juu kuna mshale mdogo na maneno "chana hapa". Nimechana hapo. Mchano ulianza sawasawa, ukafuata mstari hadi nusu, kisha ukakata kona na kuteremka tumboni. Sasa nina tundu la upana wa vidole vitatu, na chupa niliyotaka kuijaza ina mdomo usiopitisha hata kidole gumba. Sabuni iko mkononi, iko mezani, na kidogo imeingia chupani.

Kazi yangu ni kubuni mifuko ya aina hii, kwa hiyo naweza kukisia vikao vilivyouzaa. Cha kwanza kilihusu utakavyoonekana rafuni. Cha pili, bei kwa kilo ya filamu, yaani ile plastiki nyembamba ya kutengenezea mfuko. Cha tatu, kasi ya mashine ya kujazia. Mdomo ulifikiwa jioni, watu wameshachoka, na mmoja akasema: "Tukate kijipengo pembeni, wateja watachana wenyewe." Nimekaa kwenye vikao hivyo. Kuna siku aliyesema maneno hayo nilikuwa mimi.

Kijipengo hakiongozi mchano, kinauanzisha tu. Njia yake inaamuliwa na filamu, ambayo kiwandani ilivutwa kwa nguvu hadi molekuli zake ndefu zikalala upande fulani. Filamu ya mbele huweza kuchanika kuelekea huku na ya nyuma kuelekea kule, na wewe unayevuta huna la kufanya. Dawa yake ipo: mstari mwembamba unaochorwa kwa leza kwenye tabaka la nje tu, bila kugusa la ndani linaloshika kimiminika. Mchano ukishaingia kwenye mstari huo unaufuata kama maji kwenye mfereji. Ukiongeza na mshono wa joto uliochongwa kama shingo ya kibuyu, ukapanuka huku na huku na kuacha njia nyembamba katikati, unapata mdomo unaoingia kwenye chupa bila kipande chochote cha ziada. Gharama yake kubwa ni kumpata mtu wa kuufikiria mapema.

Waliotangulia walilijua jambo hili. Aliyeshona kiriba cha ngozi aliacha shingo ya mnyama iwe mdomo na kuifunga kwa kamba, na mwili wa kiriba ukafuata. Sisi wa plastiki tulipitia njia ya kinyume. Mwaka 1955 Mmarekani William Scholle alibuni mfuko ndani ya boksi kwa ajili ya kusafirisha asidi ya betri. Miaka kumi baadaye, 1965, Thomas Angove wa Australia akaweka divai kwenye mfuko wa namna hiyo. Mnywaji alitakiwa kukata kona ya mfuko, kumimina, kisha kuibana kona kwa kibanio. Hebu jaribu kuwaza galoni ya divai inayotegemea kibanio. Mwaka 1967 Charles Malpas akishirikiana na kampuni ya Penfolds wakaja na koki ya plastiki iliyounganishwa na mfuko wenyewe, na hapo ndipo chombo kile kikawa cha kuaminika. Mfuko ulikuwepo tayari. Kilichokosekana ni mdomo.

Koki ile ilifanya kazi kwa sababu mfuko laini una kipaji ambacho chupa haina. Chupa ngumu haimimini bila kumeza hewa. Ndiyo maana inakwenda gulugulu, inatema, inanyamaza, inatema tena, na kila funda la hewa linaloingia linabeba oksijeni na vumbi. Mfuko unaponyonywa unasinyaa, basi. Hakuna kinachohitaji kuingia ili kingine kitoke. Carl Walter na William Murphy walipouleta mfuko wa plastiki wa damu karibu mwaka 1950, kuchukua nafasi ya chupa za kioo, faida mojawapo ilikuwa hiyohiyo: chupa ililazimika kupewa njia ya hewa, mfuko haukuhitaji. Na ukianguka hauvunjiki.

Lakini kusinyaa nako kuna hila yake. Filamu mbili zikikutana mbele ya tundu kabla mfuko haujaisha, zinafunga mlango na kimiminika kinabaki nyuma, kimefungiwa. Kwa vimiminika vizito kama losheni jambo hili ni la kila siku. Mtu anakamua, anakunja, anakung'uta, mwishowe anautupa ukiwa bado na mzigo. Pembe za ndani zenye kona kali ni mahali pengine pa kukwama. Ukiziviringisha wakati wa kuchora mshono, unaokoa bidhaa bila kuongeza hata gramu ya plastiki. Ajabu ni kwamba sijawahi kuagizwa na mteja kupima kinachobaki ndani. Kinachovuja, ndiyo, kila mara.

Na kuvuja kuna anwani yake. Mfuko unaosimama, ule wa Mfaransa Louis Doyen wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, una kitako kilichokunjwa kuelekea ndani. Ubavuni, chini ya ncha ya mkunjo huo, joto linalazimika kupenya filamu nne. Milimita moja juu yake zipo mbili tu. Taya za mashine zinazobana na kuchomelea mshono ni bapa na ngumu. Zikibana palipo na nne, pembeni yake panabaki upenyo mwembamba kuliko unywele, na kimiminika hakihitaji zaidi ya hapo. Niliwahi kufungua katoni ya mifuko iliyopita majaribio yote ya kudondoshwa, nikakuta kona moja ya boksi imelowa. Nilikausha mifuko mmoja mmoja, nikaisimamisha juu ya karatasi ya shashi na kusubiri. Baada ya saa moja mmoja ukaacha doa dogo, pale pale nne zinapogeuka mbili.

Mahali hapo kuna ufundi ninaoupenda kuliko mwingine wote katika kazi hii. Uso wa nje wa filamu mara nyingi ni poliesta, aina ya plastiki ambayo haishikani yenyewe kwa yenyewe kwa joto la mashine. Kwa hiyo pande mbili za kitako kilichokunjwa zingebaki zimeachana pembeni, kama midomo ya mtu aliyeduwaa. Suluhisho ni kutoboa vitundu kwenye mkunjo. Kupitia vitundu hivyo uso wa ndani wa filamu ya mbele unagusana na ule wa nyuma, zote mbili ni polietilini, plastiki ya aina nyingine, na nyuso hizo zinayeyuka na kuungana. Yaani tunatoboa matundu ili mfuko usimame imara! Chukua wowote unaosimama, angalia kona za chini, utayaona mabaka ya duara au nusu duara.

Ukiweka mdomo mgumu wa kufungua na kufunga, unaleta anwani nyingine ya kuvuja. Kitako cha mdomo ule huundwa kama mtumbwi, kipana katikati na chembamba kwenye ncha mbili, ili filamu ipande na kushuka taratibu. Kwenye zile ncha huachwa mapezi membamba yanayoyeyuka na kuziba nafasi. Yakiwa manene hayayeyuki kwa wakati. Yakiwa membamba mno yanapinda kabla ya kubanwa.

Mdomo huo pia unaongeza plastiki, na hapa wanaonipinga wana hoja. Mfuko unasifiwa kwa kutumia plastiki kidogo kuliko chupa ya ujazo uleule, halafu mimi nataka kuupachika shingo na kizibo vinavyoweza kupita uzito wa filamu yote. Nakubali. Ndiyo maana simwekei kila mtu mdomo mgumu. Mfuko wa kumimina mara moja kwenye chupa unatosha na shingo ya mshono na mstari wa leza. Wa kufunguliwa mara ishirini uwe na kizibo. Mkubwa unaokaa ndani ya boksi upewe koki. Ninachokataa ni kuwapa wote kijipengo kwa sababu ndicho rahisi.

Kuhusu matabaka sitasema mengi. Muundo wa zamani wa poliesta ya mikroni 12 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), alumini ya mikroni 7 hadi 9 na polietilini nene kwa ndani unazuia hewa na mwanga vizuri sana, lakini tabaka hizo zikishagundishwa hakuna anayezitenganisha kwa urahisi. Alumini hiyo pia, ikikunjwakunjwa safarini, inapata nyufa za ncha ya sindano. Umoja wa Ulaya kwa kanuni yake ya 2025 unataka vifungashio vyote sokoni humo viwe vinaweza kurejelezwa ifikapo 2030, na viwanda vingi vimekimbilia polietilini tupu. Mimi nafurahi, na si kwa ajili ya mazingira peke yake: filamu ya familia moja na mdomo wa familia hiyohiyo vinashikana vizuri. Mng'ao utapungua kidogo, na taya za mashine zitahitaji uangalifu zaidi kwa sababu nje na ndani huyeyuka kwa joto linalokaribiana. Tutazoea.

Siku hizi naanza mradi kwa filamu tupu isiyochapwa kitu. Nakata mdomo kwanza, nachomelea mfuko kwa mkono, najaza maji ya rangi, kisha namwomba yeyote anayepita aloweshe mikono kwa sabuni na kumimina kwenye chupa ya shingo nyembamba. Wiki iliyopita alipita mama mmoja wa makamo. Aliugeuza mfuko, akautafuta mstari wangu wa leza, hakuuona, akaugeuza tena.

"Kaka," akaniambia, "mkasi uko wapi?"