Bawa la nyuma au breki: pesa itangulie wapi?

Ubishi huu haukauki kwenye magereji ya Malindi. Kijana kapata Subaru Impreza WRX na akiba kidogo. Aanze na bawa kubwa la nyuma na kulishusha gari, au aanze na tairi na breki? Mafundi wakongwe hulicheka bawa: urembo tu. Hapo wamepatia nusu.

Hewa ina nguvu zake. Audi TT ya kwanza, ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ilisifiwa kwa mgongo wake laini, kumbe kwenye barabara za kasi za Ujerumani nyuma ilikuwa nyepesi mno. Baada ya ajali mbaya, kampuni iliyaita magari yarudi, ikayafunga spoila ndogo, yaani kibawa cha kuikandamiza nyuma, na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza. Kwa hiyo mwenye bawa ana hoja.

Ila aulizwe: unakimbia ngapi? Nguvu ya hewa hufuata mraba wa kasi. Bawa linalokandamiza buti kwa kilo 40 ukiwa kilomita 200 kwa saa, ukiwa 100 limebaki na kilo 10, uzito wa ndoo ya maji. Na kutoka hapa hadi Kilifi, nani atakimbia 200 na matuta yale na tuktuk zinazokata kona bila taa?

Mraba huohuo uko kwenye breki, na huku unauma mapema. Kwa tairi nzuri na lami kavu, gari lililo kwenye 100 husimama kama mita 50 baada ya kukanyaga. Lililo kwenye 140, karibu mita 100. Sekunde moja ya kushtuka kwenye 140 ni mita 39 nyingine, na mbuzi keshafika katikati ya barabara.

Kisha kuna pwani yenyewe. Maji ya breki hunyonya unyevu, nao hapa haupungui. DOT 4, daraja moja la maji hayo, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230. Yakishachanganyika na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini ni 155. Yakichemka hufanya mvuke, pedali inazama. Kweli, barabara yetu ni tambarare, haina mteremko wa kuyapika, lakini anayekimbia na kukanyaga kwa nguvu kila tuta anaukaribia moto huo mwenyewe. Funua kifuniko cha kikopo cha maji ya breki: mapya ni manjano hafifu, na mengi yanayotembea mjini ni ya kahawia.

Kushusha gari nako kuna faida: uzito ukiwa chini, gari haliyumbi sana kwenye kona. Lakini springi zikikatwa kiholela, shokomzoba hukosa nafasi ya kucheza, tairi inaruka kwenye shimo, na tairi iliyo hewani haifungi breki wala haikati kona.

Basi tairi kwanza, maji ya breki na pedi, halafu shokomzoba. Ukibaki na hamu ya bawa, kumbuka liko nyuma ya ekseli ya nyuma: likikandamiza nyuma huinyanyua pua, na kwa kasi usukani unakuwa mwepesi. Bila kitu cha kuikandamiza mbele pia, umenunua nusu ya dawa.