Yah: Kuku Wangu

Leo asubuhi chai haijapoa, simu ikaita. Wakala wangu wa forodha. Wakala akikupigia kabla ya saa mbili, jua hajapiga kukuuliza umeamkaje.

"Mzee, vitu vyako vyote vimepita. Ila kuku wamekwama."

Nikaweka kikombe chini. Miwani yenye pua na masharubu imepita. Buibui wa kubandika ukutani wamepita. Ule mto wa mpira ambao mgeni akiukalia unajamba kwa niaba yake, nao umepita, tena bila swali hata moja. Mto unaojamba! Halafu kuku, kiumbe anayechinjiwa wakwe, ndiye anawekwa kando kwa mahojiano.

Kuku wenyewe ni wa plastiki, wa manjano, hawana unyoya, macho yamewatoka kama waliosomewa bei ya dola ya leo. Ukiwabana tumbo wanapiga ukunga. Nimewatoa Yiwu, China, 2,400, kwenye konteina la kuchangia. Na konteina la kuchangia mnalijua: mmoja akikwama, wote mmekwama, na yule wa mapazia na yule wa masufuria wanakupigia zamu kwa zamu kana kwamba sheria ya forodha umeitunga wewe chumbani kwako.

Kosa lilianza kwa kijana wa wakala. Kwenye maelezo ya bidhaa aliandika "Kuku, 2,400". Basi. Mfumo, ambao siku nyingine zote huwa uko chini, siku hiyo ukaamua kuwa juu, ukanidai cheti cha daktari wa mifugo. Maana sura ya kwanza ya kitabu cha ushuru ni wanyama hai, na ya pili ni nyama. Tukarekebisha, "kuku wa plastiki", wakahamia sura ya 39 na mabeseni, halafu nikasema hapana, waandikwe vitu vya mizaha.

"Shida ni HS kodi, mzee," wakala akaniambia.

"Hiyo nayo asilimia ngapi?"

Kumbe siyo kodi, ni "code", yaani namba ya kupangia bidhaa. Mnisamehe. Mtu aliyezoea kupigwa kofi, hata ukimnyooshea mkono wa salamu anainama. Kila kitu duniani kina namba yake, tarakimu sita zinazofanana karibu nchi zote, halafu huku Afrika Mashariki tukaongeza mbili zetu ili tusionekane hatukushiriki. Sura ni 97, ila ya 77 haina kitu, imeachwa wazi kwa matumizi ya baadaye. Nikamwambia wakala, kuku wangu tuwaweke humo, hawana makuu. Hakucheka.

Nikavaa koti nililoozea mwanangu, nikaenda mwenyewe.

Ofisini nikamkuta binti wa rika la kitinda mimba wangu, mbele yake kuku mmoja amelala chali juu ya faili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Mzee, umeandika 9505. Hiyo ni vitu vya sherehe, vya mazingaombwe na vya mizaha. Kwa hiyo huyu ni mzaha?"

"Ni mzaha, mama."

"Anachekesha?"

"Sana."

"Mbona wewe hucheki?"

"Mama, nina siku kumi na moja za storeji."

Akamwinua kuku, akamgeuza, akambana tumbo. Sijui wenye kiwanda walimrekodi nani, lakini ule ulikuwa ukunga wa msibani. Mlinzi akachungulia. Mteja wa dirisha la pili akadondosha risiti. Binti akashika kalamu, akaandika taratibu, huku akijisomea: "Anatoa sauti."

Hapo ndipo jirani yake wa meza ya pili akanyanyua kichwa. "Kama anatoa sauti, si filimbi huyo? Filimbi ziko 9208, huko kwenye ala za muziki."

"Filimbi unapuliza. Huyu unabana."

"Kinanda nacho unabana."

Wa meza ya tatu, mtu mzima mwenzangu, akasema wanapoteza muda, huyo ni mdoli tu, 9503, na kama ni mdoli wa mtoto basi uko wapi ule waraka wa ukaguzi uliotakiwa kufanywa hukohuko kabla ya kupakia? Nikajifanya sijasikia. Nikaangalia kalenda ukutani. Ilikuwa ya mwaka juzi.

Ningenyamaza hivyohivyo pengine wangechoka. Lakini binti akatoa boksi.

"Mzee, huyu kwenye picha ni nani?"

Nikavaa miwani. "Mbwa."

"Anafanya nini?"

"Amemng'ata kuku."

"Amefurahi?"

"Kuku?"

"Mbwa, mzee."

Alikuwa amefurahi. Siwezi kusema uongo, ulimi ulimtoka kwa raha. Yule Mchina nilimwagiza aweke picha ya watoto, yeye akaweka mbwa, tena mbwa msafi, aliyechanwa nywele. Binti akafungua kitabu, akanisomea kwa upole kabisa: kitu kinachotambulika kuwa kimetengenezwa kwa ajili ya wanyama peke yao hakiingii 9503. Yaani kuku akiwa wa mtoto ni kichezeo. Akiwa wa mbwa ni plastiki tu.

Hapo heshima niliyokuja nayo ikaanza kuvuka mabega ya koti. Nikasimama. Nikasema mama, mimi nimezaliwa mji huu. Mbwa wa mtaani kwetu anakula ukoko na anafukuza bodaboda, hiyo ndiyo michezo yake. Nani atatoa elfu tatu yake amnunulie mbwa mdoli? Mimi mwenyewe nimekua nikisukuma gari la waya lenye magurudumu ya ndala, na baba yangu alikuwa na kazi ya serikali!

"Kaa, mzee."

Nikakaa. Yule mtu mzima akasema kuna kanuni. Kwanza mnatafuta namba inayokitaja kitu kwa karibu zaidi. Mkishindwa, mnaangalia ni nini hasa kinachokifanya kiwe kile kilivyo. Mkishindwa kabisa, mnachukua ile inayokuja mwisho kwa hesabu kati ya zote zinazostahili. Nikadhani ananitania, kumbe ni kanuni ya dunia nzima, inatunzwa Brussels na watu wazima wenye tai. Nikahesabu haraka vidoleni: 3926, 9208, 9503, 9505. Ya mwisho ni yangu! Nikapiga meza. "Basi chukueni ya mwisho!"

"Hiyo ni mkishindwa," binti akasema. "Hatujashindwa bado."

Mpwa wangu aliyesoma ananituliza kwa mfano wa Marekani. Eti kule mwaka 2003 mahakama ya biashara ya kimataifa iliamua kama midoli ya X-Men, wale mashujaa wa katuni wenye nguvu za ajabu, ni watu au si watu, maana ushuru wa wanasesere wenye sura ya mtu ulikuwa asilimia 12, na vichezeo vingine 6.8. Jaji akaamua si watu. Sawa. Lakini wale walikuwa wanagombania kitu. Mimi wakala ameninong'oneza kwamba mdoli ni 25 na mzaha ni 25. Ishirini na tano! Juu ya bei, na nauli ya meli, na bima. Halafu juu ya jumla hiyo VAT asilimia 18. Halafu tozo ya reli, wakati kuku hawa hawajapanda treni na hawatarajii. Sasa kama ni ileile, tunabishana nini siku kumi na moja? Mzigo huu ulikuwa wa sikukuu. Sikukuu imepita, watu wamerudi mashuleni, wenye ada wanalia ada, na mimi hela ya kikoba imelala ndani ya plastiki yenye macho.

Nikaambiwa niandike barua ya maelezo. Nikaiandika palepale, kwa kalamu ya kuazima:

"YAH: OMBI LA KUKU WANGU KUTAMBULIWA KUWA MZAHA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyabiashara mwenye TIN na mashine ya risiti. Kuku tajwa si wa mbwa."

Binti akaisoma, akagonga muhuri wa kupokelewa, akasema nisubiri nitapigiwa. Wakabaki na kuku mmoja kama sampuli, nikasaini. Mwingine nikarudi naye mfukoni. Kwenye daladala mama mmoja akaniegemea, kuku akapiga ukunga, konda akapiga breki ya mdomo, "Dereva, tumekanyaga!" Nikatazama dirishani kama wengine.

Nyumbani luku imeisha. Mke wangu anasema fundi bomba alikuja, akaangalia, akasema ni kazi kubwa, akaondoka na elfu tano ya kuangalia. Nikavua koti, nikalitundika kwenye kamba uani lipigwe upepo kidogo. Sijafika hata mlangoni, nikasikia ule ukunga nyuma yangu. Mbwa wa jirani. Ameruka ukuta, amemchomoa kuku mfukoni, analala naye chini, anambana, anamwachia, anambana, mkia unafagia vumbi. Ulimi nje.

Wajukuu wanacheka mpaka wanakaa chini, na mkubwa wao tayari anainua simu ya mama yake.

"Usipige picha!" nikapiga kelele. "Nasema usipige picha!"