Hawakosi habari, wanaogopa
Eti hapa Marekani familia za Kilatino (zenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati) zenye kipato kidogo hazifiki kwenye migao ya chakula kwa kukosa habari? Sikubali. Najitolea kwenye mgao wa kanisa hapa Houston: akina mama wanajua siku na saa, ila wakiona fomu inauliza anwani wanageuza gari. Kanuni ya serikali ya 2019, iliyotishia kumnyima ukazi wa kudumu mhamiaji aliyepokea msaada kama SNAP (msaada wa serikali wa kununulia chakula), iliachwa 2021, woga ukabaki. Na WIC, programu ya serikali inayowalisha wajawazito na watoto chini ya miaka 5 (hadi tortilla, chapati za mahindi, zimo), haikuhesabiwa kabisa kwenye kanuni hiyo! Wanaoaminiwa ni mapromotora, wanawake wa mtaa huohuo wanaobisha hodi na kueleza kwa Kihispania. Mlioko miji mingine, kwenu wanalipwa au wanajitolea tu?