Mlima asubuhi, makumbusho baadaye

Ratiba nyingi za safari za makundi huonekana zimepangwa na mtu aliyeipima njia kwa gari. Kilomita 12 zinapewa masaa matatu, kisha yanapachikwa kanisa la kale, makumbusho na soko kabla ya chakula cha jioni. Jioni inafika, milango imefungwa, na lawama anabebeshwa yule mwenye magoti mabovu. Kosa ni la aliyepanga.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mpanda milima William Naismith wa Uskochi aliiweka mwaka 1892, na kwa vipimo vya sasa ni hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, na nyingine kwa kila takriban mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mpando wa mita 600 inatoa masaa 3 na dakika 24. Hayo ni ya mtu mwenye pumzi asiyesimama popote. Watu 15 husimama. Choo kimoja, dakika mbili kila mmoja, nusu saa imekwenda, na hapo bado picha, chakula na kamba za viatu. Pangeni masaa matano na nusu bila kuona haya.

Ndiyo maana mlima uanze asubuhi na mapema, kabla ya jua kali na kabla mawingu ya alasiri hayajajikusanya. Baadaye tembeleeni sehemu moja tu, iliyo karibu na mnapopandia basi. Angalieni saa ya mwisho ya kuingia, maana kwingi huacha kupokea wageni nusu saa au zaidi kabla ya kufunga. Na msiamini giza la kwenu: London mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri.

Kinachovunja kundi zaidi ni mapumziko. Wa mbele wanafika kituoni, wanakaa, wanakunywa maji. Baada ya dakika kumi wa mwisho anatokea, jasho linamchuruzika, na papo hapo wa mbele wanasimama: haya, twende. Aliyechoka kuliko wote ndiye hajapumzika hata kidogo, na kituo kinachofuata atachelewa zaidi. Dawa yake ni kuanza kuhesabu mapumziko pale mtu wa mwisho anapokaa, na kumweka wa polepole nyuma tu ya kiongozi. Mkiani akae mtu mzoefu ambaye hapitwi na yeyote, mwenye filimbi na vifaa vya huduma ya kwanza. Wenye mbio watanung'unika. Waacheni wanung'unike.

Miguu nayo ina sheria zake. Lengelenge huanzia kwenye ngozi iliyolowa jasho na kusuguliwa, na kabla halijatokea kisigino huhisi joto. Hapo ndipo pa kuvua kiatu na kubandika plasta, si mita mia mbili mbele kwa kuogopa kuchelewesha wenzako. Viatu vipya vibaki hotelini. Kabla ya kuteremka, kaza kamba kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, na kucha ziwe zimekatwa tangu jana yake. Soksi na fulana za pamba hushika maji: ukifika juu penye upepo, jasho lilelile linakugandisha. Tena joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo koti libebwe hata kama bondeni watu wamevaa kaptula. Maji, nusu lita kwa saa ni pa kuanzia. Kukiwa na joto, zaidi.

Kwa kuwa mko ugenini, pakueni ramani kwenye simu kabla ya kutoka, maana laini ya kigeni inaweza kukosa mtandao bondeni. Andikeni kwenye karatasi namba ya dharura ya nchi mliyomo. Kote katika Umoja wa Ulaya ni 112. Someni pia bima: baadhi hazilipii uokoaji mlimani, nyingine zina kikomo cha mwinuko.

Mwisho, saa ya kugeuka itangazwe kwenye basi, kila mtu aisikie. Ikiwa ni saa 6 mchana, basi saa 6 mnageuka, hata kilele kikiwa kinaonekana. Kuibishania juu mlimani, wenye nguvu wakiwa tayari wamekiona kilele, ni kuchelewa.