Wa pauni 50 ulinishinda, wa 30 nnao

Ami yangu ana neno moja kwa kila kitu cha bei ndogo: rahisi ghali. Juzi nilipomwonesha upinde wangu wa pauni 30 hata hakuugusa. Aliutupia jicho tu, akalisema neno lake, akaendelea na kahawa. Mie namheshimu ami, ila kwenye pinde nina ushahidi wangu. Ulionitia hasara ni ule wa ghali.

Ulikuwa wa pauni 50. Aliyeniuzia aliniambia chini ya hapo ni michezo ya watoto, nami uanaume ukanipanda kichwani. Pauni hizo si uzito wa upinde wenyewe, ni nguvu ya kuuvuta, na hupimwa ugwe ukiwa umevutwa mpaka inchi 28. Pauni 50 ni kama kilo 23. Chukua polo la mchele la kilo 25, punguza kidogo, kisha lishikilie kwa vidole vitatu huku unalenga shabaha kwa utulivu. Mie ugwe haukuwahi kufika kidevuni. Nilikuwa nauachia njiani, macho nimeyafumba, mshale unaishia kwenye mgomba wa jirani. Watoto wa pale wakawa wananisubiri kila alasiri baada ya chuo, wakae chini, waangalie mgomba unavyouawa.

Upinde ule haukumaliza hata miezi miwili. Mgeni mmoja aliuchukua ukutani, akauvuta bila mshale, akauachia. Ulilia kama ubao unaopasuka, na nilipoutazama nikaona ufa mwembamba kama unywele ukishuka kutoka nchani. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale ilirudi kwenye mti. Tangu siku hiyo upinde wangu haukai ukutani umetiwa ugwe, mgeni awe nani.

Wapo wenzangu ambao ukizungumzia pauni hukukumbusha hadithi ya Mtume (S.A.W.) akiwa juu ya mimbari, aliporudia mara tatu kuwa nguvu ni kurusha. Mie si sheikh. Lakini mbona watu wanasikia "nguvu" na hawasikii "kurusha"? Anayerusha mishale sitini kwa siku kwa upinde mwepesi atampita anayetetemeka na sita kwa upinde mzito.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu upinde rahisi wa kujifunzia, nitakuuliza kwanza urefu wa mikono yako kabla ya fedha zako. Nyoosha mikono, pima kwa inchi kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, gawa kwa 2.5. Mie mikono yangu ni inchi 65, kwa hiyo mvuto wangu, yaani umbali ninaouvuta ugwe, ni inchi 26. Kila inchi unayopungukiwa chini ya 28 hupunguza kama pauni mbili au tatu, kwa hiyo upinde ulioandikwa 30 mikononi mwangu ni kama 25. Mtu mzima mwenye afya aanzie 25 hadi 35, asisikilize porojo.

La pili, tafuta unaofunguka vipande vitatu: mpini katikati na mabawa mawili. Unaojulikana sana ni Samick Sage wa inchi 62, ambao ng'ambo huuzwa dola mia na ushei. Usafiri na ushuru ni juu yako. Uzuri wake, mabawa hubadilishwa. Unaanza na ya 25, mwaka ujao unanunua ya 35 au 40, mpini ni ule ule. Mwenye upinde wa kipande kimoja akitaka kupanda pauni ananunua upinde mwingine mzima.

Fedha iliyobaki itie kwenye mishale. Huku kwetu Makunduchi, kusini mwa Unguja, ardhi ni mawe matupu, mshale ukikosa gunia umekutana na jiwe. Mimi nimejaza gunia makumbi na nguo kuukuu, nikatundika mkeka mzito nyuma yake, na bado navunja. Mshale wa kaboni uliogonga jiwe uupinde kidogo sikioni kabla ya kuurudisha kwenye ugwe. Ukisikia unalialia, utupe. Ukipasuka wakati wa kurusha, vijiti vyake vinaingia mkononi mwako.

Kuchonga mwenyewe? Nimejaribu, kwa mti wa mpera. Fundi wa ngalawa jirani yetu alinishika mkono wakati naanza kuparura. "Mgongo usiuguse, bwana. Ukikata nyuzi za mti, umeshaukata upinde." Mgongo ni ule upande unaotazama shabaha, unaachwa kama mti ulivyoota, unachonga tumbo tu, upande unaokutazama wewe. Hilo nililifuata. Nisilolifuata ni kusubiri mti ukauke, na siku ya nne upinde ukawa umepinda na hautaki kurudi. Ugwe nao ulinitesa: mshipi wa kuvulia unanyumbuka, nguvu yote inaishia kwenye kamba. Nilichojifunza kuhusu miti kwa wiki ile nisingekipata kwa kununua, lakini shabaha sikujifunza.

Na kuwinda? Majimbo kadhaa ya Marekani hayaruhusu kumwinda kulungu kwa upinde ulio chini ya pauni 40 au karibu na hapo, na ni haki, kwa sababu mshale dhaifu humjeruhi mnyama akaenda kufia mbali. Sisi hapa swali la pauni halifiki. Paa nunga, ambaye duniani anapatikana Unguja na misitu michache ya pwani ya Kenya tu, analindwa na sheria, na msitu wa Jozani anamoishi umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004. Wasasi wa zamani wa kusini walikwenda na mbwa na nyavu, hawakwenda na pinde. Anayenunua upinde wa kuwindia akiwa Unguja ananunua ndoto.

Jana ami alikuja mwenyewe, kimya kimya, baada ya alasiri. Akauvuta ugwe mpaka shavuni, akautuliza pumzi tatu, akaachia. Mshale ukaingia kwenye makumbi ukabaki manyoya.

"Huu wa paa?"

"Wa gunia, ami."

Akanyoosha mkono apewe mwingine.